Mguu Unapopoa Ghafla



Nimeombwa nizungumze juu ya mguu au mkono uliokosa damu ghafla, nami naanza na saa ya ukutani. Misuli na neva zikinyimwa damu kabisa huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Ndiyo maana daktari atauliza mapema: maumivu yalianza saa ngapi? Iandikeni saa hiyo, hata kwenye kiganja cha mgonjwa.

Wengi huchelewa kwa kudhani ni ganzi ya kuulalia mguu. Ganzi hiyo hupita baada ya dakika chache. Mguu uliokosa damu huuma ghafla na kwa ukali, hupauka, hupoa. Vidole hufa ganzi, kisha hukataa kusogea. Katika ngozi nyeusi kupauka hakuonekani upesi, basi tazameni kucha na nyayo, na mlinganishe mguu huo na mwenzake kwa kuugusa.

Mara nyingi chanzo ni donge la damu lililotoka moyoni, hasa kwa mtu ambaye moyo wake hudunda bila mpangilio. Kwa wavutaji sigara na wenye kisukari, huenda mshipa ulikwisha kuwa mwembamba. Wapo pia waliovunjika wakafungwa gango au plasta ya kubana mno. Hao wakilalamika kwamba vidole vimepoa, warudishwe hospitali saa hiyohiyo.

Fedha zenu msimpe mchuaji. Kuchua hakuondoi donge, na maji ya moto huunguza ngozi isiyohisi. Msiuinue mguu juu ya mto, maana damu kidogo iliyobaki hushindwa kupanda. Mgonjwa asile wala asinywe, kwa kuwa huenda akapasuliwa. Apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye daktari mpasuaji.

Huko kwa kawaida hupewa heparini, ambayo haiyeyushi donge bali hulizuia lisikue. Donge lenyewe huweza kutolewa kwa mrija mwembamba wenye kiputo nchani, uliobuniwa na Mmarekani Thomas Fogarty na kutangazwa mwaka 1963. Mrija hupenyezwa hadi ng'ambo ya donge, kiputo hujazwa, kisha vyote huvutwa nje pamoja.

Mkiambiwa msubiri hadi kesho, ulizeni kwa adabu bila kuona haya: je, mapigo ya mguu huu yamepimwa? Na kama bado, ni nani atakayeyapima sasa?