Uyoga ni Zao la Mwenye Shamba Dogo



Katika sehemu za magharibi ya Kenya, mvua zinyeshapo, akina mama na watoto huamka alfajiri kwenda vichuguuni kutafuta uyoga. Aupataye hurudi na furaha, kwa kuwa amepata kitoweo kitamu pasipo kutoa hata senti moja. Lakini uyoga huo una kasoro mbili. Kwanza, huota kwa majuma machache tu, kisha hutoweka. Pili, porini mna uyoga wenye sumu unaofanana na ule wa kuliwa, na sumu ya aina nyingine haiondoki hata kwa kupikwa. Kosa la mchumaji mmoja laweza kuua jamaa nzima.

Dawa ya kasoro hizo zote mbili ni kulima uyoga nyumbani. Ule wa vichuguuni hautunzwi ila na mchwa wenyewe, chini ya ardhi. Umfaao mkulima mdogo ni uyoga chaza, wenye umbo kama la kombe la chaza. Huu hauhitaji ekari wala kungoja mvua. Chakula chake ni majani makavu ya ngano, maganda ya maharagwe, au mabua ya mahindi ambayo wengi huyachoma moto baada ya mavuno.

Kazi yenyewe yataka usafi kuliko nguvu. Mabua hukatwa vipande vidogo, hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa muda wa saa moja au mbili ili kuua vijidudu. Yakiisha kupoa na kuchuja maji, huchanganywa na mbegu, yaani nafaka iliyokwisha kuenewa na utando wa uyoga, na kutiwa katika ndoo safi zilizotobolewa ubavuni. Ndoo hukaa katika chumba chenye giza muda wa majuma mawili hadi manne, hata utando mweupe uenee kote. Ndipo chumba hupewa mwanga kidogo na hewa, na sakafu na kuta kunyunyiziwa maji kila siku. Ndoo moja huvunwa mara mbili au tatu, na mabaki yake ni mbolea nzuri kwa bustani ya mboga.

Kwa afya, uyoga una vitamini za jamii ya B na mafuta machache sana. Gramu 100 za uyoga mbichi zina protini kiasi cha gramu 3, kwa maana sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo haufai kushika mahali pa maharagwe, maziwa au mayai. Kazi yake ni kuongeza nguvu na ladha ya sahani ya ugali na mboga. Ukianikwa juani hupata vitamini D, tena ukikauka vema huweza kuwekwa kwa miezi.

Kuhusu fedha, wako waliopata hasara. Mmoja hununua mbegu nyingi, asichemshe mabua vizuri, na ukungu wa kijani ukaharibu ndoo zote. Mwingine huvuna vizuri, lakini hana mnunuzi, na uyoga mbichi huharibika kwa siku chache tu. Basi yampasa mkulima kujifunza kwanza, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia huko Juja, ambacho kimewafundisha wakulima wengi kazi hii. Kisha azungumze na wenye hoteli na maduka kabla ya kupanda, na kuandika kila shilingi iingiayo na itokayo, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuanza na ndoo kumi si aibu. Zikistawi, faida yake itanunua ndoo nyingine. Zikiharibika, hasara ni ndogo na fundisho ni kubwa. Mwenye shamba dogo na afikiri vema kabla ya kuyatia moto mabua ya msimu huu.