Moshi wa Motokaa Kuukuu
(Hotuba ya mwenzetu wa Reli kwa wanachama, Kianyaga)



Nimeombwa niseme juu ya motokaa za petroli za zamani zinazotikisika na kutoa moshi. Wengi hapa mnazo: Datsun, Morris iliyoachwa na mzee, au Peugeot 404, ambayo watu hawataki kuiuza tangu iliposhinda mbio za Safari mwaka 1963. Sikuja kuwafanya mafundi. Nataka mwanachama asikubali injini yake ifunguliwe yote kwa sababu ya plagi moja. Tumekwisha kuona mtu akikopa kwenye chama cha akiba alipie ovaholi, na gari likarudi na moshi ule ule.

Wazee wa reli walioendesha mvuke, zile injini kubwa za daraja la 59 zilizoanza kufika mwaka 1955 na kupewa majina ya milima, walitazama bomba la moshi safari nzima. Moshi mweusi ulimwambia mchochea moto kwamba mafuta yamezidi hewa. Motokaa nayo ni vivyo hivyo. Moshi mweusi ni petroli nyingi, hewa kidogo. Tazameni kwanza choki kama imekwama, kisha chujio la hewa kama limejaa vumbi, kisha boya la kabureta kama linaachia petroli ifurike. Tena kumbukeni tuko mlimani. Penye meta 1,500 juu ya bahari hewa imepungua kama asilimia 15, basi gari lililotengenezewa Mombasa likiletwa huku hutoa masizi hata kama ni zima. Hapo ni kurekebisha kabureta tu. Mtu akiwaambia injini imekwisha kwa moshi mweusi peke yake, chukueni ufunguo wenu mwende.

Moshi wa buluu ndio unaotisha, maana ni oili inayoungua. Lakini hata huo una namna zake, na barabara yetu ni kipimo kizuri. Shukeni kutoka hapa kuelekea Kutus, mguu ukiwa nje ya mafuta, gia ikizuia gari. Mkifika chini kanyageni, na mwenzenu atazame nyuma. Likitoa wingu moja la buluu kisha likasafika, oili inapita kwenye valvu. Kazi hiyo ni ya hedi, haina haja ya kugusa pistoni. Lakini kama linatoa buluu njia yote ya kupanda, tena mkifungua kifuniko cha oili mnaona pumzi inatoka kwa nguvu, hizo ni ringi za pistoni. Hapo fundi anayesema ovaholi asema kweli, na gharama haikwepeki.

Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi ni mvuke tu, usiwape hofu. Ukiendelea baada ya injini kupata moto, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja chini, ni gasketi ya hedi. Msiendelee na safari. Na tafadhali, msifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto.

Sasa kutikisika. Injini ya silinda nne ikifanya kazi kwa tatu, hutikisika kama ng'ombe mwenye mguu mbaya. Iacheni ingurume polepole, nje kwenye upepo, si ndani ya banda lililofungwa: katika moshi ule mna gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Shikeni koleo lenye mpini wa mpira, ng'oeni waya wa plagi mmoja, msikilize, mrudishe, mwendelee na wa pili. Mkiung'oa na injini ikazidi kuyumba, silinda hiyo ni nzima. Mkiung'oa na isibadilike kitu, mmempata mgonjwa. (Gari la umeme wa kompyuta msilifanyie hivi.)

Zimeni, mbadilishe plagi yake na ya jirani. Ugonjwa ukihama na plagi, mmepona kwa bei ya plagi. Usipohama, tazameni waya, na kifuniko cha distributa kama kina ufa au unyevu. Ukungu wetu hupenda kujificha humo.

Vyote vikiwa vizuri, pimeni mkazo. Swichi ikiwa imezimwa na gia imetolewa, zungusheni hendeli mara mbili kamili: mtasikia mikazo minne. Mmoja ukiwa mlegevu, tieni kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi ya silinda ile, mrudishe plagi, mzungushe tena. Ukikaza, ni ringi. Usipokaza, ni valvu au gasketi.

Juu ya valvu nina neno. Injini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na risasi ile ililinda vitako vya valvu. Tangu Januari 2006 petroli hiyo imeachwa katika nchi zote za kusini mwa Sahara, na ni vyema, kwa kuwa iliharibu akili za watoto wetu. Lakini injini yenye vitako vya chuma laini, ikipandishwa milima na mzigo, vitako huliwa, nafasi ya tapeti hufungika, valvu haikai, mkazo hupotea. Pimeni tapeti mara kwa mara. Siku hedi itakapofunguliwa, mwambieni fundi atie vitako vigumu, na mwandikiane bei kabla hajashika spana.

Gari la Katibu liko nje, nalo linatikisika tangu juzi. Twendeni tukang'oe waya wa kwanza. Maswali nitayajibu huko huko.