Fedha Ziendane na Msimu: Vyanzo vya Mtaji kwa Wakamuaji Wadogo wa Alizeti

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wasindikaji wadogo wa mafuta ya alizeti, Singida

Mada niliyopewa inahusu mahali pa kupata mtaji. Vyanzo vipo, vya Serikali na vya binafsi, na nitavitaja. Ila kwa muda wote ambao nimekuwa nikipitia maombi ya mikopo ya viwanda vidogo, nimeona wakamuaji wengi wakianguka wakiwa wamekwisha kupata fedha. Walizipata mwezi usiofaa, au kwa marejesho yasiyoendana na zao lenyewe. Kwa hiyo nitaanza na msimu, ndipo nije kwenye milango ya kubisha.

Alizeti yetu hupandwa Desemba na Januari, na kuanzia Mei inavunwa. Kwa miezi michache hapo mbegu ni nyingi na bei iko chini, na mwenye fedha mkononi hujaza ghala. Ikifika Novemba mbegu zimeadimika na mafuta yamepanda bei. Faida ya mkamuaji imekaa kati ya vipindi hivyo viwili. Asiyekuwa na fedha mwezi Juni hubaki kukamulia watu kwa ujira, huku akitazama malori ya wanunuzi wakubwa yakiondoka na mbegu za kijijini kwake.

Tuseme sasa mama mwenye kinu kimoja amekopa shilingi 6,000,000 mwezi Juni, kwa mwaka mmoja, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, na riba hiyo inakokotolewa kwenye mkopo wote mpaka mwisho. Kila mwezi anadaiwa 500,000 ya mkopo na 210,000 ya riba, jumla 710,000. Rejesho la kwanza linamkuta Julai, na fedha yake yote ni magunia yaliyo ghalani. Afanyeje? Anakamua na kuuza mwezi huo huo ambao kila kinu mjini kinauza. Agosti hivyo hivyo, Septemba hivyo hivyo. Novemba bei nzuri inamkuta na madumu matupu, na bado anadaiwa. Mwisho wa mwaka atakuwa amelipa riba ya 2,520,000.

Mkopo huo huo, kwa asilimia ile ile, ungekokotolewa kwenye salio linalobaki, angelipa riba ya 1,365,000. Tofauti ni 1,155,000, na imetokana na mstari mmoja tu wa mkataba ambao wengi hawauulizi. Nawasihi, kabla hujaweka sahihi uliza: riba hii inakokotolewa kwenye mkopo wote au kwenye salio? Kisha omba marejesho yaanze baada ya kuanza kuuza. Kwa mikopo ya kilimo na usindikaji ombi hilo ni la kawaida, na afisa mikopo anayelijua zao hatalishangaa.

Sasa vyanzo vya umma. Mlango wa karibu ni halmashauri yako. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejea mwaka 2024. Wanawake na vijana hukopeshwa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na mtu wa kuanza kumwona ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Andaeni katiba ya kikundi, akaunti ya benki na mchanganuo wa mradi. Nasisitiza kikundi kiwe cha kweli. Nimeona kikundi ambacho mmoja ndiye mwenye kinu na wengine wamechangia majina tu. Fedha zilipochelewa kurejeshwa, waliosakwa ni wote, na ujirani ukavunjika kwa deni ambalo wengi wao hawakuonja hata shilingi yake.

Mlango wa pili ni SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama vyenu. Tangu 1994 inaendesha mfuko wa kuwakopesha wajasiriamali unaojulikana kama NEDF. Wengi huenda pale kwa ajili ya fedha tu. Mimi ningewashauri muulize pia kuhusu mashine, mafunzo ya ufungashaji na namna ya kuiendea nembo ya ubora ya TBS, kwa sababu mafuta yasiyo na nembo hayaingii kwenye maduka makubwa, na mkopo wowote utaurejesha kwa mauzo.

Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ina mfuko wa dhamana kwa wakulima na wasindikaji wadogo: benki ya kawaida inakukopesha, na mfuko unabeba sehemu ya hasara ukishindwa kulipa. Vilevile Julai 2021 Benki Kuu iliweka nafuu kwa mabenki yanayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Ilinganisheni na asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 42. Ukifika benki, usiombe "mkopo wa biashara" kwa jumla. Sema unasindika zao la kilimo, uulize kama wana mkopo wa riba hiyo na kama mkopo wako unaweza kuingizwa kwenye dhamana ya TADB. Asiye na nyumba ya kuweka rehani aulizie pia stakabadhi ghalani: tangu sheria yake ya mwaka 2005, mazao yaliyo kwenye ghala lenye leseni yanaweza kuwa dhamana.

Upande wa binafsi, VICOBA na SACCOS zinafaa kwa mahitaji madogo: chujio, madumu, ukarabati wa mota. Ndugu akikupa fedha, andikianeni siku hiyo hiyo kama ni mkopo au ni hisa. Asiyeandika huishia na ndugu anayedai nusu ya kinu. Mbia mwenye mtaji mkubwa atataka kampuni iliyosajiliwa BRELA, na soko la hisa la Dar es Salaam lina dirisha la kampuni changa tangu 2013, lakini hiyo ni safari ya baadaye kwa wengi wetu hapa.

Mikopo ya kausha damu na ile ya kwenye simu isiyo na leseni, iepukeni kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila idhini. Mkopo wa siku chache hauwezi kusubiri alizeti iuzwe.

Na mwenye kukopesha ataangalia nini kwako? Ombi lililonishawishi kuliko mengi lilikuja na daftari chakavu lenye alama za mafuta. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, magunia yaliyonunuliwa na bei yake, lita zilizotoka, na kilo za mashudu zilizouzwa kwa wafugaji. Nyuma yake zilibanwa risiti za LUKU, zimepangwa mwezi kwa mwezi. Nikazitazama uniti na lita, vikaoana: kinu kilikuwa kinafanya kazi kweli. Hakuna mchanganuo uliochapwa steshenari kwa shilingi elfu hamsini unaoweza kusema hayo. Mashudu msiyasahau, ni mapato, na wengi hawayaandiki.

Neno langu la mwisho ni kwa maafisa wa halmashauri na wa benki mliomo humu. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai, alizeti huanza kuvunwa Mei. Kikundi kinachopewa fedha Oktoba kinanunua mbegu kwa bei ya juu na kuanza kulipa kikiwa na hasara. Pokeeni maombi ya wakamuaji Januari, yakagueni Machi, na fedha ziwe kwenye akaunti zao kabla ya Mei kwisha.