Sindano ya Homa ya Mafua: Tuchomwe au Tusichomwe?

(Maneno haya yalisemwa na ndugu mmoja wa reli katika mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa sababu wengi waliokuwa zamuni siku ile waliomba kuyasoma.)



Kamati imenipa robo saa, nami sitaipita, maana najua wengine wenu mwaingia zamu ya usiku. Mimi si daktari. Nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na kazi yangu ni ugadi. Lakini Kamati ilinituma nikaulize habari za sindano ya homa ya mafua, nikawauliza wauguzi na kusoma karatasi za Shirika la Afya la Dunia. Jambo lenyewe limeletwa mezani hivi: je, Chama kidai sindano hii ilipiwe na mwajiri, au tuliache? Haifai kudai kitu tusichokijua, wala haifai kukikataa.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Sisi hapa Kenya mtu akipiga chafya husema, "Nina homa." Akishikwa na malaria husema, "Nina homa." Asipotaka kazi siku ya Jumatatu, "Nina homa." Mnacheka, lakini mwamjua. Homa ninayoisema leo ni ile ya vijidudu viitwavyo influenza. Hiyo huja kwa ghafla. Asubuhi mtu yu mzima, jioni viungo vyote vyauma, kichwa chapasuka, homa kali, kikohozi kikavu, hata kwenda msalani ni safari. Kamasi za kawaida hazimwangushi mtu hivyo. Tena malaria yaweza kuanza vivyo hivyo, basi mwenye homa kali na akapimwe damu, asijiambie kwamba ni mafua tu.

Wengi wetu tukishikwa na homa hii twapona katika juma moja, ingawa kikohozi hubaki nyuma. Kwa hiyo twaidharau. Lakini Shirika la Afya la Dunia lakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa duniani kwa magonjwa ya kifua yaletwayo na homa hii. Mwaka 1918 ilipokuja kwa ukali usiopata kuonekana, iliua makumi ya mamilioni ya watu ulimwenguni. Hapa kwetu iliingia kwa bandari ya Mombasa, ikapanda bara kwa gari la moshi. Nawaomba watu wa reli tulikumbuke hilo. Ugonjwa huu hupenda njia yetu ya kazi.

Tazameni behewa la asubuhi la kuingia Nairobi. Watu wamebanana, mvua inanyesha, madirisha yamefungwa. Mkaguzi wa tiketi apita katikati yao akivuta pumzi ya kila mtu. Au tazameni dereva na msaidizi wake ndani ya injini moja usiku kucha. Na ubaya wa homa hii ni kwamba mtu aweza kuwapa wenzake tangu siku moja kabla yeye mwenyewe hajajisikia vibaya. Hutamjua kwa kumtazama.

Sasa sindano. Hufanya nini? Humtia mtu vipande vya kijidudu kilichokwisha kuuawa, ili askari wa mwili waijue sura ya adui kabla hajafika. Askari hao huhitaji kama majuma mawili kujiandaa. Kwa hiyo mtu asichomwe leo na kesho akamkumbatie mgonjwa. Tena adui huyu hubadili nguo. Mwaka huu sura hii, mwakani sura nyingine, na nguvu ya sindano nayo hupungua kadiri miezi ipitavyo. Ndiyo sababu sindano hii hurudiwa kila mwaka, si kama ile ya homa ya manjano ambayo moja hutosha maisha.

Wataalamu wa dunia hukutana mara mbili kwa mwaka kuchagua sura za kutiwa katika dawa: mwezi wa Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini, na Septemba kwa ajili ya nchi za kusini. Mtauliza, sisi tu wapi? Njia ya reli kati ya Nakuru na Eldoret yaukata mstari wa Ikweta, basi sisi tu huku na huku. Hatuna theluji, na homa hii huku kwetu huonekana karibu mwaka mzima. Kwa hiyo ukienda kuchomwa, muulize muuguzi kama hiyo ndiyo dawa mpya kabisa iliyopo, na uombe kuiona tarehe yake ya mwisho. Ni haki yako kuuliza.

Nisiwafiche: sindano hii si ukuta. Katika mwaka ambao wataalamu wamechagua vizuri, katika kila watu 10 ambao wangeugua hata kwenda kwa daktari, 4 mpaka 6 huokoka. Katika mwaka mbaya ni pungufu ya hapo. Anayewaambia kwamba hamtakohoa tena ni mchuuzi. Hata hivyo, aliyechomwa akaugua, mara nyingi ugonjwa humjia kwa upole zaidi, na hatari ya kulazwa hospitali hupungua. Haizuii kamasi za kawaida wala Korona, maana hivyo ni vijidudu vingine.

Nimesikia maneno mengi kule karakana. Mmoja asema, "Mimi nilichomwa nikaugua siku ya pili." Kijidudu kilichokufa hakiwezi kumpa mtu homa ya mafua. Mkono huuma, labda na joto kidogo na uchovu siku moja au mbili, basi. Aliyeugua kweli siku ya pili alikuwa amekwisha kuubeba ugonjwa huo, au alipata mafua mengine. Mwingine asema sindano yafunga uzazi. Ndugu, wanawake wenye mimba ndio wanaohimizwa mbele ya wengi kuichoma, maana ikimlinda mama humlinda na mtoto wake katika ile miezi sita ya kwanza, ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuchomwa.

Lakini si kila hofu ni upuuzi. Mwaka 1976 huko Marekani watu zaidi ya milioni 40 walichomwa sindano ya mafua ya nguruwe. Ikaonekana kwamba wachache, kama mmoja zaidi katika kila 100,000, walipatwa na ugonjwa wa kulegea viungo. Kazi ikasimamishwa Desemba mwaka ule ule. Kwa sindano za siku hizi hatari hiyo, ikiwapo, yahesabiwa kuwa mtu mmoja au wawili katika milioni. Nawatajia jambo hili kwa sababu mtu mzima hupewa hesabu yote. Tena aliyepata kudhurika vibaya na sindano hii zamani, na aliyewahi kuupata ugonjwa huo wa kulegea, amwambie muuguzi kabla ya kukunja mkono wa shati.

Basi nani achomwe? Hapa sitaki tuseme kana kwamba sote ni mtu mmoja. Mwenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au wa figo, na mwenye virusi vya UKIMWI, kwangu mimi huyo hana la kungoja. Vivyo hivyo mama mjamzito, mzee wa miaka 65 na zaidi, na mtoto wa kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano. Kijana mwenye nguvu, asiye na ugonjwa wala mzee wala mtoto mdogo nyumbani, huyo aweza kupima mwenyewe. Akisema hapana, mimi sitamwita mjinga. Mimi nina miaka 36 na mwili wangu ni mzima. Ningekaa peke yangu labda ningengoja. Lakini nakaa vyumba viwili na mama yangu, ana miaka 71 na ana kisukari, na kila jioni namletea pumzi ya behewa zima. Yeye alichomwa kwanza, nami baada yake.

Sasa nije kwenye kazi ya Chama, na hapa naomba masikio.

Yuko mwenzetu mmoja, jina lake silitaji. Mapema katika mwaka alivunjika mguu nyumbani, akazimaliza siku zake za ugonjwa zenye mshahara kamili. Baadaye akashikwa na homa ya mafua. Akahesabu ada ya shule, siku ya tatu akarudi injinini na homa yake, akinyamaza. Msaidizi wake ana pumu. Huyo msaidizi ndiye aliyelazwa hospitali. Nani alaumiwe? Mimi siwezi kumlaumu mtu anayelisha watoto.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo apewe siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Zisizopungua, ndugu! Hicho ndicho kiasi cha chini, na Chama chaweza kudai zaidi katika mapatano. Nami nawaambia wazi, sindano isitumiwe kuwa kisingizio. Asije mtu akatuambia, "Mmekwisha kuchomwa, basi hakuna ruhusa ya kuugua, wala hakuna haja ya kutengeneza madirisha yale yasiyofunguka." Sindano ni moja, hewa safi ni ya pili, na mgonjwa kukaa kwake bila kukatwa mshahara ni la tatu, na hilo la tatu kwangu ndilo kubwa.

Juu ya malipo, hospitali za watu binafsi huiuza, na bei si moja. Kwa mwenye mshahara wa chini, yeye na mke na wazee wawili, kila mwaka, si fedha kidogo. Nani afaidikaye wafanyakazi wasipougua? Treni zikienda kwa saa zake, faida ni ya mwajiri pia. Basi na alipe yeye.

Lakini mtu asilazimishwe. Mwakumbuka mwaka 2021 Serikali ilipotangaza kwamba tangu tarehe 21 Desemba asiyechanjwa Korona hatapewa huduma katika ofisi zake, na Mahakama Kuu ikaisimamisha amri ile mwezi huo huo. Amri namna hiyo huwafanya watu waichukie hata dawa njema. Kwa hiyo napendekeza maneno haya yaandikwe: kwamba sindano itolewe bure kwa mwanachama atakaye, na kwa wale wa nyumbani mwake walio katika hatari, itolewe saa za kazi, kwa zamu zote, na ya usiku isisahauliwe, orodha ya waliochomwa ikae kwa muuguzi, isifike mezani pa mkubwa wa kazi, na asiyetaka asiulizwe mara ya pili.

Katibu anayo karatasi pale mlangoni. Haiulizi nani atachomwa. Yauliza tu kama mwakubali Kamati iyapeleke madai haya. Wale wa genge la njia ambao hawakuweza kufika wataletewa karatasi yao kwa treni ya Alhamisi.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Naona yule ndugu wa karakana ameinua mkono tangu niliposema habari za uzazi. Na apewe nafasi ya kwanza.