Malipo Yanayorudi, Mali Isiyorudi



Kijana wa Ruiru anayetaka bitkoini ana kadi ya benki mfukoni, lakini ataishia kuinunua kwa M-Pesa kutoka kwa mtu asiyemjua. Husemwa ni kwa sababu nchi zetu hazina kadi. Sikubali. Tangu Juni 2022, hata mwenye M-Pesa pekee anaweza kufungua kadi ya Visa ndani ya simu yake.

Kikwazo kimo katika kadi yenyewe. Ukilipa kwa kadi, fedha hazijaondoka moja kwa moja. Mwenye kadi akilalamika kwamba hakuidhinisha malipo, muuzaji anaweza kunyang'anywa fedha hizo wiki kadhaa baadaye, hata miezi. Bitkoini haina mlango huo. Ikishathibitishwa katika bloku kadhaa, na bloku moja huchukua wastani wa dakika 10, hakuna karani wa benki awezaye kuirudisha. Satoshi Nakamoto alikusudia hivyo: waraka wake wa Oktoba 2008 unaanza kwa kuyalalamikia malipo yanayobatilishwa. Kwa hiyo anayeuza bitkoini kwa kadi hutoa mali isiyorudi, akapokea fedha zinazoweza kurudi. Mwizi wa kadi atake nini zaidi? Ndiyo sababu muuzaji hutoza ada nzito na kudai kitambulisho na picha ya uso, na benki nayo hukataa malipo bila hata kueleza. Kisha kuna shilingi kugeuzwa dola kwa kiwango cha benki, gharama isiyoitwa ada, na kwa hiyo wengi hawaihesabu.

Hapa kwetu Kenya mambo yalikazwa zaidi. Mwaka 2015 Safaricom ilisimamisha huduma ya M-Pesa ya kampuni ya Lipisha, ambayo BitPesa ya Nairobi, kampuni ya biashara ya bitkoini, iliitegemea. Wakaenda Mahakama Kuu, wasipate amri waliyoitaka. Desemba mwaka huohuo Benki Kuu ikauonya umma kwamba bitkoini si fedha halali Kenya.

Watu hawakuacha, walihamia soko la mtu kwa mtu. Na wengi hawatafuti bitkoini, wanatafuta USDT, iliyofungamanishwa na dola: huyu amelipwa nayo kwa kazi ya mtandaoni, yule ana bidhaa za kulipia China. Jukwaa la mtandaoni linaloendesha soko hilo huzuia sarafu za muuzaji, mnunuzi hutuma M-Pesa, muuzaji akiona ujumbe anaziachilia. Tazameni vizuri: jukwaa linashikilia sarafu, halishikilii shilingi. Mnunuzi mjanja akishapokea USDT hupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kudai marejesho, akisema alikosea namba. Au fedha zilitoka kwenye laini ya mtu aliyetapeliwa, na polisi wanamtafuta aliyezipokea. Hatari ileile iliyoikimbiza benki sasa imebebwa na mwanafunzi mwenye simu moja, na hana idara ya sheria.

Serikali, kama kawaida yake, iliiona kodi kabla ya kumwona mwananchi. Kuanzia Septemba 2023 ilitoza asilimia 3 ya thamani ya sarafu iliyouzwa, hata aliyepata hasara akalipa. Mwaka 2025 kodi hiyo iliondolewa, ukaja ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma, jambo lenye akili zaidi. Oktoba 2025 Rais alitia saini sheria ya watoa huduma za mali pepe, na leseni zikawekwa mikononi mwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Kwa wasimamizi hao wawili nina ombi moja. Anayepewa leseni ya kuendesha soko la mtu kwa mtu ashikilie pande zote mbili za biashara, sarafu na shilingi, mpaka muda wa kudai marejesho uishe. Ada itapanda kidogo, na biashara itachelewa. Wauzaji wa Thika watanung'unika, na ningependa kuwasikia wakinung'unika katika kipindi cha maswali.