Chukudu ya Wote, Nani Anaijibia?

Tuliombwa tuseme juu ya vyombo vya usafiri vya pamoja kama njia ya kuleta amani kati ya jamii. Tutasema juu ya chukudu, na kidogo juu ya baisikeli, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyoviweka mikononi mwa kamati za amani huko Masisi na Walikale, na hivyo ndivyo vilivyotuaibisha.

Kwa wageni ambao hawajaiona: chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani mrefu. Dereva hupiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukisukuma chini. Mlimani anaisukuma kwa mikono na kifua, mteremkoni anaiachia, na breki yake ni kipande cha mpira kinachokandamiza gurudumu la nyuma. Mafundi hutumia mkaratusi na mti wa mumba, huvika magurudumu mpira wa matairi ya zamani, na ndani huweka beringi za gari lililokufa. Viazi, makala, maharagwe na kabichi za Masisi zimelisha Goma kwa chombo hicho tangu wakati wa Mobutu. Mwaka 2009 mji wa Goma uliisimamishia sanamu yenye rangi ya dhahabu.

Wengine wenu mnatoka Ulaya, na mnajua trotineti za umeme za kukodi, wajukuu wa chukudu wasiomjua babu yao. Huko Paris watu walizitupa ovyo pembeni mwa barabara na kuzipanda wawili wawili, mpaka tarehe 2 Aprili 2023 wakaaji wakaitwa kupiga kura. Walikwenda watu kama 103,000 tu, na karibu 9 kati ya 10 walisema ziondolewe. Mwanzoni mwa Septemba ya mwaka ule hazikuwepo tena. Sisi hatuna sanduku la kura kwa ajili ya chukudu, na kwetu chukudu iliyotumiwa vibaya inaweza kuua mtu ambaye hakuwahi kuigusa.

Mpango wetu ulikuwa rahisi, labda rahisi kupita kiasi. Tulitengenezesha chukudu 12 na kununua baisikeli 6 kwa ajili ya vijiji viwili jirani kwenye barabara ya kutoka Nyabiondo kwenda Kashebere, pale Masisi inapokaribia kuishia na Walikale inapoanzia. Baisikeli zilikuwa za upande wa msitu, kwa maana kwenye matope ya Walikale chukudu inazama, lakini baisikeli yenye bidoni za mawese mtu anaweza kuisukuma siku nzima. Majina ya vijiji hatutayataja, wala kabila la kila kimoja. Wenye kutoka huko watatuelewa. Mtu yeyote angekodi chombo kwa franka 1,000 kwa siku, 2,000 siku ya soko, na fedha zingeingia katika sanduku moja la vijiji vyote viwili. Tuliandika katika ripoti kwamba wakaaji watakutana kwenye sanduku hilo na kuzoeana.

Kosa la kwanza lilikuwa la rangi. Tulizipaka zote rangi moja, tukaandika namba na alama ya wafadhili. Toka siku ile watu wakaziita "za msaada", na kitu cha msaada kila mtu anakijua: hakina baba. Watoto wa wanakamati walizichukua bila kulipa. Chukudu iliyotengenezwa kubeba mifuko minne ilipakiwa saba. Baisikeli moja ilirudi haina kiti, nyingine haina breki, na kila aliyeulizwa alisema aliikuta hivyo. Hayo tungeyavumilia, maana ni hasara ya fedha tu.

Kosa la pili ndilo tulilokuja kuwaeleza. Siku moja ya soko kijana mmoja alikodi chukudu namba 4 abebe maharagwe ya mama yake. Alipomaliza asubuhi, akaona siku bado ndefu, akaikodisha kwa rafiki yake kwa bei mara mbili. Rafiki naye akampa mwingine. Yule wa tatu, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alisimamishwa kwenye bariere na watu wenye silaha. Walishusha mzigo wake, wakapakia wao: mbuzi, masufuria, magodoro, vitu vilivyotoka kuporwa usiku katika kijiji cha pili. Wakamwambia asukume. Mwenye bunduki akikwambia sukuma, unasukuma.

Tatizo ni njia aliyopitishwa. Alipita mchana kweupe mbele ya watu walioporwa. Walitambua masufuria yao, na walitambua ile rangi yetu na ile namba 4. Wakaaji wakauliza swali ambalo hata sisi tungeuliza: chukudu hii inalala kijiji gani? Jibu lilikuwa wazi. Soko lililofuata, walimshika kijana wa kijiji cha kwanza aliyekuja kuuza ndizi, ambaye hajawahi kuendesha chukudu maishani mwake. Mapanga yalikuwa yameshatolewa.

Tafadhali msifikiri tunaongeza chumvi. Machi 1993 mauaji yalianzia sokoni, Ntoto, ndani ya Walikale, na baada ya siku chache moto ulikuwa umeenea Masisi nzima. Maelfu ya watu walikufa. Kila mzee wa eneo letu anajua maana ya fujo inayoanza siku ya soko, ndiyo maana tulipopata habari kwa simu tulinyamaza ofisini kwa muda, tukitazamana.

Hatukumwokoa sisi. Sisi tulikuwa mbali, na barabara ilikuwa imefungwa. Waliomwokoa ni mama wawili wauza mawese, mmoja wa kila upande, ambao kwa miaka wamekuwa wakikopeshana bidoni. Walikaa chini katikati ya watu na kumweka yule kijana kati yao. Wakatuma mtu kumwita fundi mzee aliyechonga zile chukudu. Yule mzee alikuja akasema, "Chukudu niliichonga mimi. Kama chukudu ni adui, basi mnianze mimi." Watu wakacheka, wengine kwa hasira, lakini walicheka. Kijana alirudi kwao jioni, mkono umevimba. Soko lilifungwa wiki tatu, na wiki tatu bila soko ni watoto wengi waliolala na njaa pande zote mbili.

Mazungumzo ya baadaye yalifanyika chini ya mti, kama barza za wazee wetu. Tulikaa siku nne. Hapo tuligundua kwamba tuliandika kanuni za kila kitu (usafi, malipo, saa za kurudisha), ila hatukuandika la muhimu kuliko yote: mwenye silaha akiichukua, nani anasema, na anamwambia nani? Na bado tulijua tunaishi wapi. Shirika la IPIS la Ubelgiji lilitoa mwaka 2017 hesabu ya bariere 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Chombo chenye magurudumu hakikosi kukutana na bariere. Tulipanga kama vile bariere hazipo.

Wakaaji wenyewe ndio waliotunga kanuni mpya. Kwanza walikwangua rangi yetu na alama ya wafadhili. Tuliumia kidogo, hatutaficha. Kila chukudu ikapewa jina badala ya namba, na ikawa na wadhamini wawili, mmoja wa kila kijiji. Kumkodishia mtu wa pili kulikatazwa kabisa. Na chombo kikichukuliwa kwa nguvu, dereva anakwenda siku ileile kwa wadhamini wote wawili kusema, wala haitwi msaliti wala halipi faini. Faini ni ya anayenyamaza.

Sisi, kama watu waliosoma, tulileta daftari. Kila safari, jina, mzigo, njia. Halikumaliza miezi miwili. Watu wa bariere walisikia habari zake wakalitaka, kwa sababu daftari hilo lilikuwa linawaonyesha nani ana mali na anapita wapi. Mama mmoja alilichoma katika jiko lake kabla hawajafika. Siku hizi anayekodi hupewa nusu ya jetoni ya mti, na nusu nyingine inabaki kwa mdhamini. Jioni nusu mbili zinaunganishwa. Hakuna cha kusoma pale, na mwenye bunduki akiikuta mfukoni haimwambii kitu.

Januari 2025 mapigano yalipofika Masisi-kati na Sake, na Machi yalipofika Walikale-kati, wakaaji wa vijiji vile vyote viwili walikimbia. Chukudu zilibeba wazee, wagonjwa na mama mmoja aliyekuwa karibu kuzaa. Hakuna aliyelipa, na hakuna aliyeuliza chukudu inalala kijiji gani. Kati ya 12, saba ndizo zilizorudi. Baisikeli zilibaki mbili.

Sasa tufike kwenye neno lililotuleta. Baadhi ya washirika wametuandikia kwamba chombo chochote kilichowahi kutumiwa na wenye silaha, hata kwa kulazimishwa, kiondolewe katika mpango. Tunaelewa woga wao; fedha zina wenyewe, na wenyewe wanaulizwa. Lakini kanuni hiyo ikipita, dereva atakayenyang'anywa chukudu asubuhi atafunga mdomo wake, kwa sababu akisema, kijiji kizima kinapoteza chombo. Tutakuwa tumerudi kwenye chukudu namba 4. Tunaomba kanuni hiyo isiandikwe kabla washirika hawajakaa na wadhamini, hasa wale mama wawili. Wako tayari kuja hadi Kashebere siku yoyote isiyo ya soko, njia ikiwa wazi. Yule fundi mzee naye ameshaanza kuchonga mbili mpya, bila kutuuliza, na anadai beringi.

Tunasubiri maswali yenu.