Mzigo Usiopimwa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nzega)



Unyamwezi ilijulikana zamani kwa wapagazi wake, waliosafirisha bidhaa kati ya Tabora na pwani. Mzigo wa mpagazi ulipimwa kabla ya safari, aghalabu frasila mbili hivi. Leo nataka kunena juu ya mzigo ambao watu wetu huuchukua bila kuupima, nao ni mtetemo wa mashine zishikwazo kwa mikono: jekihama, drili, grinda na misumeno ya mashine.

Siku moja mchimbaji alikuja mezani pangu kutia sahihi. Kalamu ikamponyoka mara tatu. Nikadhani amelewa, nikamwambia arudi kesho. Baadaye nalipata habari kwamba alikuwa ameshika jekihama miaka saba, na kwamba hata vifungo vya shati lake hufungwa na mkewe. Naliona haya, na haya hiyo ndiyo asili ya hotuba hii.

Ugonjwa huu si mgeni. Mwaka 1911 Dakta Giovanni Loriga aliueleza kwa wafanyakazi wa Italia, na mwaka 1918 Dakta Alice Hamilton aliukuta kwa wachonga mawe wa Indiana, Marekani. Katika Afrika, uchunguzi wa wachimbaji dhahabu wa Afrika ya Kusini, uliotangazwa mwaka 2007, uliwakuta nao watu 15 katika kila 100 wa wale waliopatwa na mtetemo kazini.

Mtetemo huumiza mishipa midogo ya damu, neva na viungo. Kwanza huja ganzi na kuchomachoma. Kisha vidole hupauka penye baridi. Mwisho mkono hukosa nguvu ya kushika. Katika nchi yetu ya joto mtu asingoje kuona weupe. Ganzi idumuyo yatosha kuwa onyo, kwani neva zikiisha kuharibika aghalabu haziponi.

Hesabu yake nayo ifahamike. Nchi za Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2002, ziliweka kipimo cha 2.5 kwa siku ya saa nane, ambacho kikifikiwa mwajiri lazima achukue hatua, na mpaka wa 5 usiovukwa. Mashine yenye mtetemo wa 10 hufikia kipimo cha kwanza kwa nusu saa tu, na ule mpaka kwa saa mbili. Mtetemo ukizidi mara mbili, muda wapasa kupunguzwa mara nne.

Basi tufanyeje? Ikiwa kazi yawezekana kwa njia nyingine, mashine iachwe. Inunuliwe mashine yenye mtetemo mdogo. Ncha zinolewe, na vipuri vilivyochakaa vibadilishwe. Watu wapokezane zamu. Mashine isikamatwe kwa nguvu kupita haja, bali iachwe ifanye kazi yake. Mikono iwe na joto na ikauke, na tumbaku iachwe, maana hubana mishipa ya damu. Glovu huleta joto, lakini mtu asizitegemee kuzuia mtetemo.

Mgodi mkubwa wa Golden Pride, pale Lusu, ulianza kutoa dhahabu mwaka 1998, nao umekwisha kufungwa. Wachimbaji wadogo wangaliko. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Lakini mchimbaji afanyaye kazi kwa mgawo wa mawe, pasipo mkataba, ni vigumu kwake kudai fidia. Kwake kinga ndiyo fidia.

Hapo ndipo kazi yetu, ndugu makarani. Mtu akilalamika ganzi, tusiandike "amechoka". Tuandike ni mashine gani, kwa saa ngapi kila siku, tangu mwaka gani, na ni vidole vipi. Kisha tumpeleke kwa mganga mapema. Lisiloandikwa halina shahidi.

Sisi nasi twala kwa mikono yetu. Karani asiyeweza kushika kalamu ajua hasara ya yule asiyeweza kushika jembe.